Joho la Kaizari

Kila shule inapojiandaa kwa mchezo wa kuigiza, kazi ya maleba humwangukia mama. Mtoto hurudi jioni akaomba shuka nyeupe, na mama, kwa kuwa hakuambiwa zaidi ya hilo, humfungulia sanduku. Ndivyo mchezo wa Juliasi Kaizari, ambao Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili mwaka 1963, unavyoweza kuchezwa na Warumi thelathini waliojitanda mashuka yaliyo sawa, mtazamaji asitambue nani mkubwa na nani fundi viatu.

Shakespeare hakukusudia hivyo. Mchezo wake waanza kwa ugomvi juu ya nguo. Viongozi wawili wanawakuta mafundi njiani siku ya kazi, nao wamevaa nguo zao nzuri. Seremala anaulizwa iko wapi aproni yake ya ngozi na kipimo chake. Wote wakiwa na mashuka, ugomvi huo hauna maana. Katika Roma ya kale toga lilikuwa vazi la raia, mtumwa hakuruhusiwa kulivaa, na wenye vyeo vya juu walitambuliwa kwa utepe wa zambarau pindoni. Basi mafundi na wavae kanzu fupi za mkanda, safi na zilizopigwa pasi. Wakubwa wapewe mashuka marefu yenye utepe, hata kama ni wa kitambaa chakavu kilichotiwa rangi.

Lakini nguo iliyo moyo wa mchezo huu ni moja. Asubuhi ya kuuawa kwake Kaizari anaingia jukwaani na nguo ya kulalia. Mwandishi ameagiza hivyo. Aliye mbele yetu si mtawala, ni mume wa mtu. Ndiyo maana Calpurnia, ambaye usiku ameota sanamu ya mumewe ikibubujika damu, anathubutu kumpigia magoti asitoke, naye anakubali. Mara anafika Decius. Anataja taji, anadokeza kwamba watu watamcheka mtu anayeongozwa na ndoto za mkewe. Kaizari anaona haya mbele ya mwanamume mwenzake, anaitisha joho lake. Tangu hapo Calpurnia hana neno tena. Ningekuwa mwongozaji, yeye mwenyewe ndiye angemvika, polepole, pasipo kumtazama usoni.

Joho hilo ndilo Antony alioneshe sokoni, lenye matundu ya majambia. Mtazamaji aliyeliona likifungwa na mkono wa mke hatahitaji kuambiwa ni la nani.

Wala si lazima liwe la Kirumi. Mwaka 1937, mjini New York, Orson Welles aliwavika waigizaji wake sare za kijeshi za wakati ule, na watazamaji wakawatambua mara moja mafashisti wa Ulaya.

Kwa hiyo, mama uliyeombwa msaada, acha mashuka kitandani, ushone majoho mawili ya kitambaa kimoja: moja zima, la pili lililochanwa na kutiwa madoa mekundu makubwa, ya kuonekana na aliyeketi nyuma kabisa. Madoa yatiwe siku mbili kabla, yakauke vizuri. La sivyo Antony atamaliza hotuba yake akiwa na mikono myekundu, na watazamaji watamhesabu miongoni mwa wauaji.