Kibaoni na safari ngumu ya kujenga siasa za wanyonge kutoka chini

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa mpunga wa Bonde la Kilombero anayefikisha gunia lake kwa mnunuzi hukutana na mambo mawili ambayo hakuyaamua: bei ya siku hiyo na ujazo wa gunia lenyewe. Lumbesa imepigwa marufuku kisheria, na Wakala wa Vipimo upo. Hata hivyo, kilo za ziada zinaendelea kwenda kwa mnunuzi bila malipo, kwa sababu muuzaji husimama peke yake na ada ya shule haisubiri.

Katika Kata ya Kibaoni, Halmashauri ya Mji wa Ifakara mkoani Morogoro, kama ilivyo katika kata nyingine za bonde hilo, gunia hilo ni kipimo kizuri cha hoja inayorudi kila baada ya uchaguzi. Hoja yenyewe ni hii: je, demokrasia ya kijamii, yaani siasa inayotaka mali na huduma zigawanywe kwa haki kwa njia ya kura na vikao, inaweza kujengwa kutoka mtaani kwenda juu, badala ya kushushwa kutoka makao makuu ya vyama?

Wengi hudhani jibu liko kwenye sanduku la kura. Mwaka 2015 bonde hilo liliwapa Chadema majimbo mawili, Kilombero kwa Peter Lijualikali na Mlimba kwa Susan Kiwanga. Miaka mitano baadaye hakuna hata moja lililobaki. Lijualikali, ambaye Januari 2017 alihukumiwa kifungo cha miezi sita kabla ya Mahakama Kuu kumwachia Machi mwaka huo, alihamia CCM mwaka 2020, na uchaguzi wa mwaka huo ukarudisha majimbo yote mawili kwa chama tawala. Malalamiko kuhusu uchaguzi wa 2020 yanafahamika na yana uzito wake. Lakini mbunge anapohama na wapiga kura wake wakabaki bila chombo chochote kinachowaunganisha, ni dhahiri kwamba kilichojengwa kilikuwa umaarufu wa mtu na hasira ya wakati ule.

Chama kinachofika mlangoni kwa mwananchi ni kimoja tu. CCM ilirithi kutoka TANU mfumo wa nyumba kumi ulioanzishwa katika miaka ya 1960, na hadi leo mashina na mabalozi wake wapo hata pale ambapo wapinzani hawana bendera. Kasoro ya mfumo huo ni kwamba maagizo hushuka kwa urahisi kuliko malalamiko yanavyopanda.

Sheria yenyewe imeufunga mlango wa chini. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inataka chama kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua 10, ikiwamo miwili ya Zanzibar, mmoja wa Unguja na mwingine wa Pemba, ndipo kipate usajili wa kudumu. Wakazi wa Kibaoni hawawezi kuunda chama cha Kibaoni, wala cha Kilombero, hata kama wote wangekubaliana. Nia ya kuzuia ukabila na udini ilieleweka wakati ule. Matokeo yake ni kwamba chama huzaliwa kikiwa cha taifa kabla hakijawa cha mtaa wowote.

Isitoshe, anayetaka uenyekiti wa mtaa, kijiji au hata kitongoji lazima adhaminiwe na chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua Juni 14, 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake, kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka haki, lakini uamuzi huo haujatekelezwa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, huku wapinzani wakilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao, CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa na vijiji nchini.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana mjini. Halmashauri ya kijiji, kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, ni chombo chenye utu wa kisheria: inaweza kumiliki mali, kushitaki na kutunga sheria ndogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaifanya mdhamini wa ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake, ndio unaoidhinisha ugawaji. Mtaa hauna nguvu hizo. Ifakara ilipopandishwa kuwa halmashauri ya mji katika miaka ya 2010, wakazi wengi walifurahia hadhi, na si vibaya. Lakini pale kijiji kinapogeuka mtaa, mwananchi anapoteza kikao pekee ambacho kura yake ilikuwa na uwezo wa kuamua kuhusu ardhi.

Historia nayo haijasahaulika. Mlima na mto vikivukwa kuelekea kusini, ni Songea, ambako vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa mwaka 1960. Kutokana na kijiji hicho kilizaliwa Chama cha Maendeleo Ruvuma, kikiongozwa na Ntimbanjayo Millinga na kushauriwa na Mwingereza Ralph Ibbott. Vijiji 17 vilijiunga. Wanakijiji walilima pamoja, wakapanga kazi na mgawo wa mapato katika mikutano yao wenyewe, wakaendesha shule iliyofundisha watoto kuishi hivyo. Mwalimu Nyerere aliwapenda, na mawazo yake kuhusu ujamaa vijijini yalichota mengi kwao. Lakini Septemba 24, 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Kosa lake kubwa lilikuwa kujitegemea kweli: viongozi wa mkoa hawakuwa na la kuamuru. Ni ajabu kwamba nchi iliyotaka ujamaa kwa dhati iliuvunja pale ulipokuwa umeota wenyewe. Vyama vikuu vya ushirika vikafuata mwaka 1976, na havikurudishwa kisheria hadi 1982.

Ndani ya bonde lenyewe, Julai 1986 polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kilombero waliokuwa wakidai haki zao, na wanne wakauawa. Wakati huo chama pekee cha wafanyakazi, JUWATA, kilikuwa jumuiya ya chama tawala. Baada ya kiwanda kubinafsishwa kwa Illovo mwaka 1998, nguvu ya majadiliano ilihamia pia kwa wakulima wa nje wa miwa, kupitia vyama vyao vya Kilombero na Ruembe. Vyama hivyo vilijadili bei, wakabishania mizani na kipimo cha utamu wa miwa. Baadaye viligawanyika vikawa vingi vidogo, na katika miaka ya karibuni nafasi yao imechukuliwa na AMCOS.

Wafuatiliaji wa Sweden watakumbuka kwamba Chama cha Demokrasia ya Kijamii kilianzishwa mwaka 1889, lakini hakikushika serikali kwa uthabiti hadi 1932. Katikati ya miaka hiyo yalijengwa mashirikisho ya wafanyakazi (1898), ushirika wa walaji (1899) na madarasa ya watu wazima (1912). Mwanachama alijifunza kuandika muhtasari, kukagua hesabu na kumwondoa mwenyekiti kwa kura kabla hajapiga kura ya kumwondoa waziri. Mbegu ya elimu hiyo ilifika hadi Ifakara: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa nchini mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, na mji huo unacho kimoja. Leo vinajulikana zaidi kwa ufundi seremala na ushonaji. Somo la kuendesha kikao limefifia.

Malighafi haikosekani. MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanzia Morogoro mwaka 1993, umejengwa kuanzia kikundi. VICOBA wanaweka hisa kila wiki na mweka hazina anahesabu fedha mbele ya wote. Tatizo ni kwamba vikundi vingi vya mijini huundwa kwa ajili ya mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, unaotolewa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo iliposimamishwa mwaka 2023, kabla ya kurejeshwa mwaka uliofuata, ilionekana wazi ni vikundi vipi vilikuwa na sababu nyingine ya kukutana.

Wanasiasa nao huviona vikundi hivyo kama mtaji wa kura, wakavipelekea fulana na fedha za chai. Kikundi kikishapakwa rangi ya chama, nusu ya wanachama huondoka. Anayetaka kujenga vuguvugu la kudumu Kibaoni atalazimika kuiacha kadi nyumbani kwanza, akae na wakulima wa mpunga wakubaliane kutouza lumbesa msimu mmoja, wakodi ghala moja kwa pamoja, na wamkague mweka hazina wao. Ni kazi isiyo na kamera, na chini ya hali ya kisiasa iliyofuata uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ambao Chadema haikuwa kwenye karatasi za kura, huenda hata mkutano wa namna hiyo ukaulizwa kibali.

Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa unatarajiwa mwaka 2029. Kabla ya hapo kuna misimu mitatu au minne ya mavuno.