Kolwezi: jeans ya mgodini isifuliwe nyumbani

Mwaka 2014, Chip Bergh, aliyekuwa mkubwa wa kampuni Levi Strauss huko Marekani, alisema mbele ya watu kwamba jeans aliyokuwa amevaa ilikuwa karibu mwaka mzima haijaingia katika mashini ya kufulia. Tangu hapo shauri hilo limezunguka dunia nzima: usifue jeans mara kwa mara, rangi itaisha. Kwa mtu wa ofisini ni shauri zuri, tena linaokoa maji. Lakini kwa wakaaji wa Kasulo au Kapata, mjini Kolwezi, ni shauri la hatari.

Jeans yenyewe ilizaliwa kuwa nguo ya kazi nzito. Tarehe 20 Mei 1873, Levi Strauss na Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno katika Nevada, walipata hati ya kukaza pembe za mifuko kwa vipande vidogo vya shaba ili isichanike. Ndiyo, shaba. Leo kijana wa Lualaba ananunua jeans ya mitumba, kisha anashuka nayo shimoni kutafuta shaba na kobalti.

Jioni anapanda na vumbi. Kitambaa cha jeans ni kizito, kimesokotwa kwa mshazari, na vumbi hukaa ndani ya mishono, mifuko na mikunjo ya chini. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wale wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi wao juu ya Kasulo, mtaa ambako watu walichimba hadi chini ya nyumba zao. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo na damu ya wakaaji, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Miaka miwili baadaye, uchunguzi mwingine uliofanyika Lubumbashi ulionyesha kwamba watoto wanaozaliwa na kilema wanaonekana zaidi pale ambapo baba anafanya kazi ya madini.

Vumbi lina njia nyingi za kuingia nyumbani: magari, upepo wa kiangazi, magunia. Suruali ya baba ni mojawapo, na ni ile ambayo mama anaishika kwa mikono yake. Kwanza anaikung'uta ukutani, mtoto akiwa mgongoni. Kisha anaitia katika beseni moja na nguo za watoto, kwa sababu maji ni machache na sabuni ni pesa.

Kukung'uta ndiko kubaya zaidi. Afadhali suruali ivuliwe nje ya mlango na kuloweshwa ikiwa imefungamana, katika beseni yake peke yake, ndipo ifuliwe. Wanaopenda jeans hupenda kuigeuza ndani nje ili rangi isipauke, maana rangi ya buluu hushika juu tu ya uzi. Kwa jeans ya mgodini, upande wa nje usuguliwe vilevile, na mifuko ipinduliwe. Rangi iende tu.

Shida inabaki kwenye maji. Sabuni haiyeyushi kobalti ikapotea. Inaihamisha kutoka suruali kwenda katika beseni. Maji hayo yakimwagwa kwenye lengalenga au karibu na kisima, yatarudi kwenye sahani.

Kwa hiyo si haki kumwachia mama mzigo huu wote. Mkataba namba 162 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1986, kuhusu amianti, unataka sheria za nchi zikataze nguo za kazi kupelekwa nyumbani, na usafi wake uwe juu ya mwajiri. Kobalti si amianti, lakini vumbi lake husafiri kwa njia ileile. Watu watajibu kwamba mchimbaji wa mikono hana mwajiri. Ni kweli, ila ana kooperative inayomkata pesa, ana depo inayonunua mawe yake, na serikali ya jimbo inayolipisha ushuru. Hao watatu wanaweza kuweka bomba, kibanda cha kubadilishia nguo na shimo la maji machafu lililosakafiwa, kwenye mlango wa kila karieri. Magunia yanapimwa mlangoni hapo kila siku, hata mvua ikinyesha.