Chakula cha Shambani Si cha Bure

Likizo kubwa inapokaribia, mijini Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, hurudi kauli ileile: wapelekeni watoto kwa ndugu shambani, huko chakula kimejaa na hakuna gharama. Si kweli, na Eringeti, mji mdogo wa wakulima katika eneo la Beni, inaikanusha kauli hiyo waziwazi. Shamba la huko mara nyingi ni la kakao, na kakao haiingii chunguni. Tunda hupasuliwa, mbegu zenye utelezi huchachushwa siku kadhaa chini ya majani ya migomba, zikaanikwa juani, ndipo mnunuzi azipime. Muhogo nao hukaa ardhini karibu mwaka mzima. Kisha ung'olewe, umenywe, uloweshwe, uanikwe na kutwangwa. Ugali na sombe (mboga ya majani ya muhogo) anavyowekewa mgeni ni jasho la mama mwenye nyumba, bila kuhesabu maji na kuni alizobeba. Gharama ipo, haionekani tu kwa sababu hakuna anayemlipa.

Vita vimeiongeza gharama hiyo. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limeandamwa na mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF, na tarehe 29 Novemba 2015 Eringeti yenyewe ilishambuliwa, hata hospitali haikusalimika. Shamba la mbali limekuwa la kuendea kwa hofu, au la kuachwa kabisa. Aliyebaki anategemea kipande kilicho karibu na nyumba, na huenda tayari amewapokea ndugu waliokimbia vijiji vyao. Kwa hiyo swali la kwanza ni usalama: barabara ikiwa na mashaka, watoto wabaki mjini. Ikiwa shwari, bado chungu cha mwenyeji si ghala.

Wapo watakaosema wakulima wa kakao wametajirika, kwani mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani. Lakini bei hiyo si ya mlangoni kwa mkulima, na haimfai kitu yule ambaye mavuno yake yameibwa au shamba lake halifikiki. Wengine watasema kumlipa ndugu ni kumtukana. Sawa, lakini wahenga waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakumtarajia mgeni wa mikono mitupu. Na waliposema siku ya tatu apewe jembe, walikiri kwamba mgeni ni mzigo. Mtoto wa mjini ajifunze kulima, ni vizuri. Ila jembe lake la wiki mbili halirudishi alichokula.

Mtoto wa Eringeti akija Butembo kusoma, wenyeji wake huhesabu kila franka: unga, sabuni, karo. Hesabu hiyo ni halali, basi ifanywe pande zote mbili. Anayepeleka watoto shambani awafungashie unga, mafuta, chumvi na sabuni vya kutosha siku zote watakazokaa, na kabla ya hapo amuulize mama mwenye nyumba, si mjomba peke yake, kama ana nafasi. Shule zikifunguliwa Septemba, naye ampokee mtoto wa mwenyeji wake kwa moyo uleule.