Alama Juu ya Mlango Uliotiwa Kufuli

Aghalabu alama ya mlango wa dharura hutundikwa kwa ajili ya mkaguzi, wala si kwa ajili ya atakayeihitaji. Na kwa kuwa mkaguzi huja mchana, taa zote zikiwaka, naye ameandamana na mwenye jumba, kila alama humdhihirikia na kumridhisha, hali ya kuwa mgeni asiyeijua nyumba ataitafuta usiku, umeme umekatika, macho yanamchonyota kwa moshi, na mtoto amemshika nguo.

Hivi karibuni nilialikwa arusini katika ukumbi mmoja ambao sitautaja jina, nikaketi nyuma kabisa, nikapata wasaa wa kutazama. Alama ilikuwapo, nyekundu, imeandikwa EXIT, ila wapambaji walikuwa wameteremsha vitambaa vyeupe tangu darini hata sakafuni, zikabaki herufi mbili za mwisho zikichungulia. Nami nilipoinua pindo nikakuta viti vya plastiki vimebebanishwa hadi kimo cha mtu, na nyuma yake mlango wenye komeo na kufuli. Mwangalizi alinijibu kwa adabu kwamba ufunguo anao mwenyewe, naye amekwisha kwenda kulala, na kwamba mlango ule ukiachwa wazi watu huingia bila kadi.

Udhuru huo si mgeni duniani. Mjini Boston, Marekani, tarehe 28 Novemba 1942, klabu ya Cocoanut Grove iliungua wakafariki watu 492: mlango mkuu, uliokuwa wa kuzunguka, ulikwama kwa msongamano, na katika milango mingine ipo iliyokuwa imefungwa kwa ufunguo, na ipo iliyofungukia ndani, hata umati ulivyozidi kuisukuma ndivyo ulivyozidi kuifunga. Binadamu akishikwa na fazaa hukimbilia alikoingilia. Alama ni ya kumgeuza uso.

Juu ya mahali pake, desturi ni kuipachika juu ya kizingiti, na ni sawa maadamu hewa ni safi; walakini moshi hupanda na kutanda kwanza darini, kwa hiyo ni aula iongezwe ya pili chini, karibu na sakafu, anakotambaa mwenye kuukimbia. Isibandikwe kwenye ubao wa mlango wenyewe, kwani mlango ukifunguliwa nayo huenda zake. Na ukubwa nao una hesabu yake: kwa kanuni ya Ulaya, alama yenye taa ndani yake husomeka kwa masafa ya mara 200 ya kimo chake, yaani ya sentimita 15 huonekana kutoka mita 30, na inayomulikwa kwa nje ni nusu ya hapo. Ile ya arusini, hata bila vitambaa, sidhani ingefika jukwaani.

Rangi ningechagua kijani, kwa kuwa gizani jicho hukitambua upesi kuliko nyekundu, ambayo isitoshe tumeizoea kuwa amri ya kusimama. Na badala ya neno la Kiingereza, ile sura ya mtu akimbiaye mlangoni, iliyosanifiwa Japani na Yukio Ota na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo shangazi yangu huielewa pasipo mkalimani.

Na mshereheshaji, ambaye usiku ule alitumia karibu saa nzima kutujulisha mawifi na mashemeji wa pande zote mbili, asingepungukiwa na kitu lau, kabla ya biriani kuletwa, angetuonyesha milango kwa kidole.