Damu si Dhambi



Kila Kwaresima, hapa Bagamoyo na pwani yetu yote, akina mama hutunong'oneza swali moja: je, tukiwa katika hedhi, au arobaini ya uzazi haijatimia, twaweza kukomunika? Wengine hawaulizi, hubaki benchi la nyuma wakijiona najisi. Kimya chetu mapadre ndicho kinacholea hofu hiyo.

Swali ni la kale. Katika karne ya 3, Askofu Dionisi wa Aleksandria aliandika kwamba mwanamke mwenye hedhi asiikaribie altare. Karne hiyo hiyo, kitabu cha Didaskalia kutoka Siria kilifundisha kinyume chake: Roho Mtakatifu aliyepokewa katika Ubatizo hamwachi mwanamke kwa ajili ya siku zake. Jibu lililohifadhiwa kwa jina la Papa Gregori Mkuu, la mwaka 601, lilimsifu anayejizuia kwa heshima, lakini likakataza mtu yeyote kumzuia.

Je, watawa wa jangwani, kama Antoni wa Misri, hawakuutesa mwili? Walifunga na kukesha ili wawe huru mbele ya tamaa, si kwa kuuchukia mwili alioumba Mungu. Ndiyo maana Sinodi ya Gangra, katika karne ya 4, iliwalaani walioibeza ndoa na kuwahukumu wala nyama. Kufunga ni kazi ya upendo. Kikigeuka dharau, kimepotea njia.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa mwaka 1868, wakawapokea watu waliokombolewa utumwani. Makaburi yao yangali hapa. Wengi walikufa vijana. Huko ndiko kujinyima kwa kweli. Nasi, katika mji ambako mwili wa binadamu ulipangiwa bei, tutathubutuje kuuita mchafu?

Hatuwahukumu jirani zetu Waislamu, wenye sheria yao. Lakini Kanisa letu humtaka anayekomunika awe katika hali ya neema na afunge saa moja kabla, hedhi haimo. Mama aliyetokwa damu miaka 12 aligusa vazi la Bwana, naye akamwita binti.

Basi mama, Dominika hii usibaki nyuma. Njoo mezani. Nanyi akina baba, msimzuie.

Tuwatakieni Kwaresima njema.