Barua Niliyoisaini

Barua ilinifikia saa nne asubuhi, nina wateja watatu dirishani na laini moja haina mtandao. Kijana wa duka la vipuri aliileta ndani ya faili la plastiki, kalamu ikiwa juu yake. Kichwa kiliandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari: YAH: OMBI LA KUONDOLEWA OMBAOMBA NA WATU WANAOLALA KWENYE VIBARAZA VYA MADUKA. Nikasoma mistari miwili, nikaona majina kumi na saba yametangulia, nikaandika langu la kumi na nane. Namba ya simu, sahihi, basi. Mteja wa kwanza alikuwa bado anahesabu kwacha zake.

Siku ya pili ndipo nikaona kichekesho cha ile YAH. Watu kumi na nane tumeomba kwa maandishi ili watu wanne waache kuomba kwa mdomo.

Nina shahada ya uchumi na nina kibanda cha wakala hapa Tunduma, pembeni ya barabara kuu inayoelekea geti la mpaka. Shahada naitaja ili ujue aliyesaini siyo mtu asiyejua kusoma. Na kibanda chenyewe kimekaa kwenye kibaraza cha duka la mtu mwingine, kwa makubaliano ya mdomo na kodi ya kila mwezi. Hilo nalo likumbuke, tutalirudia.

Wanaotajwa kwenye barua nawajua kwa sura. Kuna mama mwenye mtoto wa miaka kama minne. Kuna kijana anayezungumza peke yake na ambaye hajawahi kuniomba chochote. Kuna bibi anayekuja na kuondoka, siku nyingine yuko ng'ambo, Nakonde, maana Wanyamwanga wako pande zote mbili na mpaka kwao ni mtaro tu wa kuruka. Wa nne ni mzee mmoja mwenye mguu mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Utingo. Huyu analala kwenye kibaraza kile kile kilichobeba kibanda changu. Anaingia saa tatu usiku nikishafunga, anatoka kabla sijafika. Kwa mwaka mzima tumepangishana sehemu moja bila kukutana: mimi mchana, yeye usiku, tofauti ni kwamba mimi nalipa.

Sasa hebu tuzungumze kuhusu kulala nje, kwa sababu barua yetu inadai ni "kinyume na maadili na taswira ya mji". Tunduma nzima inaishi kwa watu wanaolala nje. Foleni ya malori ya Zambia na Kongo ikishika, inafika Mpemba na kupita. Mwaka 2019 marais wawili, Magufuli na Lungu, walikuja kuzindua kituo cha pamoja cha forodha ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili, na bado kuna majuma ambayo dereva anahesabu siku kabla ya kuvuka. Madereva wanalala kwenye vichwa vya malori. Tanboi wao wanalala chini ya tela, juu ya turubai. Wanapika ugali kando ya lami, wanaoga kwa ndoo nyuma ya tairi, wanajisaidia wanapojua wenyewe. Mji huu ulikuwa na watu chini ya laki moja kwenye sensa ya 2012, na zaidi ya laki mbili ile ya 2022. Wengi wetu tumekuja kuwauzia hao wanaolala nje chai, vocha, chapati, mashuka na mambo mengine ambayo kwenye barua hatukuyataja. Hakuna aliyewahi kuwaandikia barua madereva. Wana hela.

Na Utingo alikuwa mmoja wao. Aliniambia mwenyewe, siku moja ya mvua aliyochelewa kuondoka, nami nikawa sina pa kumkwepa. Miaka kumi na moja alikuwa tanboi, Dar mpaka Lubumbashi, anafunga turubai, anaweka mawe kwenye matairi, anakesha kulinda mafuta yasinyonywe wakati dereva amelala. Gari likaanguka mlimani, mguu ukakatwa. Tajiri alilipa hospitali wiki ya kwanza, halafu simu ikawa haipokelewi.

Nilimuuliza kisomi kabisa: fidia je? Tunayo sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake umekuwa ukifanya kazi tangu 2015. Akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayetaka kutoa pesa kwa namba ya siri ya marehemu. Yeye hakuwa mfanyakazi wa mtu. Dereva ndiye aliyemchukua, na dereva alimlipa kutoka kwenye posho yake ya safari. Mkataba hakuna, hati ya mshahara hakuna. Kwenye karatasi hakuwahi kuwemo ndani ya lile lori.

Ukiipeleka habari hii kwenye kijiwe chochote cha kahawa, utapata majibu matatu, na utayapata kwa mpangilio huu huu.

La kwanza: "Hao ni matajiri." Ana nyumba kwao. Ana ng'ombe. Nimelisikia tangu utotoni, enzi ambazo nchi nzima ilimjua mzee mmoja wa Dodoma aliyelala chali barabarani Dar es Salaam, mkono umeinuliwa na kopo, mpaka jina lake likageuka kuwa tusi la mtu yeyote anayeomba. Kila mmoja alikuwa na shemeji aliyewaona ng'ombe wa yule mzee. Sijawahi kukutana na shemeji mwenyewe. Ila nauliza: hivi ni tajiri gani unayemjua wewe, hapa Tunduma, anayekubali kulala kwenye saruji mwezi wa saba? Mji huu uko juu, baridi yake ya Juni na Julai inawatoa machozi wanaotoka Dar wakiwa na makoti. Mwenye ng'ombe angeuza mmoja akapanga chumba.

La pili: "Ukimpa, unamlemaza." Hili linasemwa na watu wenye elimu, mimi nikiwa miongoni mwao. Nilimwambia hivyo rafiki yangu aliyetaka kutoa shilingi mia tano, kibandani kwangu, huku Utingo akisikia. Kumlemaza mtu ambaye mguu wake ulibaki mlimani! Neno lilishatoka nilipolisikia. Yeye aligeuza uso tu, akajifanya anaangalia malori.

La tatu ni jembe. "Wapelekwe kijijini, wapewe jembe." Anayesema hivi huwa anaamini amewaza jambo jipya. Tulishafanya. Mwaka 1983 tulikuwa na sheria ya Nguvu Kazi. Watu walikamatwa mijini kwa kukosa kazi inayotambulika, wakapakiwa kwenye magari na kurudishwa vijijini, na wengi wakarudi mjini, maana walichokikimbia kijijini kilikuwa bado kiko pale pale. Mwaka 2016 Dar es Salaam ilitangaziwa operesheni ya kuwaondoa ombaomba. Nenda leo ukasimame kwenye taa za barabarani uwahesabu. Tena jembe la kulima wapi? Hapa Songwe, Mbozi na Momba, ardhi inayotoa kahawa na mahindi ina wenyewe, na wenyewe wana watoto. Utingo angelima kwa mguu upi?

Nyuma ya majibu hayo kuna sheria, na barua yetu iliitaja kwa fahari: kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomfanya mtu anayeomba hadharani kuwa mkosaji. Aliyeiandika barua hakusema kifungu hicho kimetoka wapi. Kanuni ya Adhabu ni urithi wa mkoloni, na fikra yake ya uzururaji ilitoka kwenye sheria ya Uingereza ya mwaka 1824. Waingereza wenyewe, Bunge lao lilipitisha mwaka 2022 kwamba ile ya kwao ifutwe. Na tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Mahakama hiyo iko Arusha. Haiko Geneva wala The Hague, iko Arusha, unafika kwa basi. Sisi kumi na nane tuliona bora kutegemea mwaka 1824.

Sitaki kudanganya kwa kumtetea mtu. Utingo anakunywa. Jioni nyingine ananuka komoni na mdomo wake si mzuri. Nami sitamtetea mtu mzima anayemtuma mtoto wa mwenzake barabarani na kopo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza hilo na iko sahihi. Lakini angalieni tulivyoitumia hoja ya mtoto. Mama mwenye mtoto wa miaka minne tulimwandika kwenye barua kama "wanaotumia watoto". Hatukumuuliza kama mtoto ni wake. Ni wake. Wana sura moja, hata kuziba macho na kiganja jua likichomoza wanafanya kwa namna moja.

Na huko kuomba kwenyewe tunakokuchukia, mbona kwetu ni lugha ya kila siku? Dukani tunasema "naomba sukari nusu". Mwenye sare barabarani anaomba ya soda. Mwaka wa uchaguzi wanakuja wamepanda magari wanapiga magoti wanaomba kura. Simu yangu sasa hivi ina makundi manne ya WhatsApp ya michango ya harusi, moja la bwana harusi ambaye sijawahi kumwona. Kadi ya mtu mmoja elfu hamsini, ya wawili laki moja, na mweka hazina anakukumbusha kila Jumatatu kwa jina lako mbele ya watu mia mbili. Hakuna anayemwambia bwana harusi ashike jembe. Mwezi ule niliosaini barua nilichangia harusi mbili na kumpa Utingo sifuri.

Kuna kitu kingine kinachonikera kuliko hela. Sisi hapa tumelelewa kuamkia. Binti wa miaka ishirini na sita akipita bila shikamoo mbele ya mzee, kesho mama yake ataambiwa. Mimi nilipita mbele ya mzee wa rika la baba yangu mwaka mzima bila shikamoo, na hakuna aliyemwambia mama. Wote walikuwa wanafanya hivyo hivyo. Siku ile ya mvua nilipomwamkia kwa mara ya kwanza alichelewa kuitikia. Nadhani alikuwa anatafuta nimemsalimia nani.

Najua mtaniuliza nataka nini, maana wasomi tunapenda mapendekezo. Ninayo machache na hayahitaji mfadhili. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudi 2024. Mji unaokusanya ushuru kama huu, hizo mbili si hela ya kubeza. Lakini jaribu kuanza bila barua ya mtendaji. Barua ya mtendaji inataka mwenyekiti wa mtaa akutambue, na mwenyekiti wa mtaa anataka ajue unaishi nyumba ya nani. Utingo anaishi kwenye kibaraza cha duka. Mwenyekiti anamfahamu kwa jina, anamtania kila asubuhi, na hawezi kuandika kwamba anamfahamu. Watu kumi na nane wenye mihuri ya maduka tungeweza kuandika barua moja ya kumtambulisha. Karatasi ilikuwepo, kalamu ilikuwepo.

La pili ni dogo zaidi. Maduka yanafungwa saa mbili usiku na kufunguliwa saa moja asubuhi. Vibaraza havifanyi kazi yoyote kwa saa kumi na moja. Waacheni walale.

Nilikwenda kwa mwenye duka, ambaye ndiye aliyebuni barua, nikamwambia, "Baba, naomba jina langu litolewe." Alicheka kwanza. Akasema, "Mwanangu, wewe ni msomi, hujui kwamba barua imeshakwenda?" Nikamwambia basi nitaandika nyingine. Akaacha kucheka. Akaniuliza kama najua kile kibanda changu kimekaa juu ya kibaraza cha nani.

Niliandika hata hivyo, ukurasa mmoja, YAH: KUONDOA SAHIHI YANGU, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Niliipeleka mwenyewe, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Wiki iliyofuata mgambo walipita usiku. Mama na mtoto sijawaona tena. Kijana anayezungumza peke yake yuko karibu na stendi. Utingo alirudi baada ya siku nne, na sasa analala upande wa pili wa ukuta, ambako maji ya mvua yanaanguka.

Jana jioni mwenye duka alinitumia ujumbe: mwisho wa mwezi tukae, tuzungumze habari ya kibanda.