Bumu na Mizizi ya Ng'ambo

Mdau wa nywele asilia, kabla bumu halijaishia kwenye chupa ya mizizi ya marshmallow kutoka ng'ambo, pita kwanza kwa muuza viungo. Kinacholainisha nywele pale ni ute, na ute upo hata kwenye bamia na uwatu. Loweka vijiko viwili vya uwatu usiku kucha, chuja, paka nywele zikiwa mbichi, chana kuanzia nchani. Chanuo linateleza, nywele hazikatiki ovyo. Malizia na mafuta ya nazi. Kwa sisi wa Kunduchi tunaooga maji ya kisima yenye chumvi, hiyo si anasa. Harufu ya achari ipo, suuza vizuri. Ila anayekuuzia uwatu kwamba unaotesha nywele, huyo naye anataka bumu lako.